Maktaba za Programu za Kompyuta: Yaliyoahidiwa na Yaliyofichwa

Somo hili limekusudiwa wanafunzi na walimu wa shule za sekondari ambao wamekwisha kuanza kutunga programu za kompyuta. Mifano yake imeandikwa kwa lugha ya Python. Msomaji asiyeijua lugha hiyo asivunjike moyo, maana kila mfano umefafanuliwa kwa maneno. Baada ya kulisoma, mwanafunzi ataweza:

(a) kueleza tofauti kati ya sehemu ya nje na sehemu ya ndani ya maktaba ya programu;

(b) kuonyesha jinsi programu inavyoweza kutoa jibu la uongo bila kutoa onyo lolote;

(c) kutaja njia zinazofaa kufuatwa na mtu ambaye maktaba haikumpa huduma anayoitaka.

1. Maktaba ya programu ni nini?

Hakuna mtungaji wa programu anayeanza kila kitu tangu mwanzo. Anapotaka kutafuta kipeuo cha pili cha namba, kupanga majina kwa alfabeti au kuchora grafu, huchukua programu ndogo iliyokwisha kutungwa na kujaribiwa na wengine, akaiunganisha na ya kwake. Programu ndogo ya namna hiyo, yenye jina na kazi moja maalum, huitwa fanksheni. Mkusanyiko wa fanksheni zilizowekwa tayari kwa matumizi ya wengine huitwa maktaba.

Wazo la maktaba lina umri unaokaribia ule wa kompyuta zenyewe. Kompyuta iliyoitwa EDSAC, katika Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, ilifanya kazi kwa mara ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Programu zake ziliandikwa kwa kutoboa matundu katika utepe wa karatasi, na tepe za programu ndogo zilitunzwa kabatini. Mtumiaji alikwenda kabatini, akachagua utepe aliouhitaji na kuunakili kwenye utepe wake. Kufikia mwaka 1951 maktaba hiyo ilikuwa na programu ndogo 87, na mwaka huohuo Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walitoa kitabu cha kuieleza.

Mwaka 1952 Wheeler alitoa wazo ambalo ndilo msingi wa somo hili. Alisema kwamba programu ndogo inapokwisha kutungwa na kujaribiwa, bado ipo kazi kubwa iliyobaki: kuandika maelezo yatakayomwezesha mtu asiyejua yaliyomo ndani aitumie bila taabu. Alidhani kwamba huenda kazi hiyo ikawa ngumu kuliko nyingine zote. Tangu hapo, basi, maktaba ilitambuliwa kuwa na pande mbili: upande wa maelezo anaopewa mtumiaji, na upande wa ndani ambao mtumiaji hahitaji kuujua.

2. Nje na ndani

Tuchukue mfano wa soketi ya umeme iliyo ukutani. Nchini Tanzania soketi ya nyumbani ina matundu matatu ya pembe nne, nayo hutoa umeme wa volti 230 na hezi 50. Mtu anayechomeka redio yake haulizi kama umeme ule umetoka Kidatu, umetoka katika mitambo ya gesi ya Songosongo, au umetoka katika Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji. Haulizi pia nyaya zimepita upande gani wa ukuta. Yeye ameahidiwa matundu, volti na hezi, na hayo yanamtosha. Shirika la umeme linaweza kubadili mitambo, na fundi anaweza kubadili njia ya nyaya, lakini redio ikaendelea kuimba.

Sasa fikiria mtu mwingine ambaye, badala ya kutumia soketi, ametoboa ukuta na kujiunganisha na waya alioukuta ndani. Leo naye atapata umeme. Lakini siku fundi atakapohamisha waya ule, mtu huyo atakaa gizani, wala hatakuwa na wa kumlaumu, kwa sababu hakuna aliyemwahidi kwamba waya utabaki pale.

Maktaba ya programu ni vivyo hivyo. Sehemu ya nje ni ile iliyotajwa katika mwongozo wake: jina la fanksheni, vitu inavyopokea na jibu inalotoa. Huo ni mkataba kati ya mwenye maktaba na mtumiaji. Sehemu ya ndani ni namna kazi inavyofanyika: data zimehifadhiwa kwa mpangilio gani, ni fanksheni zipi ndogo zinazosaidiana, na hatua zipi zinatangulia. Hayo hayamo katika mkataba, na mwenye maktaba ana uhuru wa kuyabadili wakati wowote bila kuomba ruhusa.

Aliyeieleza kanuni hii kwa ufasaha mkubwa ni David Parnas, katika makala aliyoitoa Desemba 1972. Parnas alichukua kazi moja, yaani kutengeneza faharasa ya maneno, akaonyesha njia mbili za kuigawa programu yake katika sehemu. Katika njia ya kwanza kila sehemu ilikuwa hatua moja ya kazi, na sehemu karibu zote zilijua jinsi mistari ya maandishi ilivyopangwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Katika njia ya pili kila sehemu ilificha uamuzi mmoja unaoweza kubadilika baadaye. Programu zote mbili zingeweza kutoa jibu sahihi. Tofauti ilionekana pale mpangilio wa kumbukumbu ulipotakiwa kubadilishwa: katika njia ya kwanza ilibidi karibu kila sehemu itungwe upya, na katika njia ya pili sehemu moja tu ndiyo iliyoguswa. Kuficha mambo ya ndani, kwa hiyo, si uchoyo wa mwenye maktaba. Ni njia ya kuhakikisha kwamba badiliko dogo linabaki kuwa dogo.

Kila lugha ina namna yake ya kuonyesha mpaka huu. Katika Python, jina linaloanza na kistari cha chini, mathalani _alama, ni la ndani. Kistari hicho ni alama tu, si kufuli. Lugha haimzuii mtu kulitumia jina hilo. Kwa sababu hiyo nidhamu ya mtungaji ni jambo la lazima.

3. Mfano wa darasani

Tuseme mwalimu mmoja ametunga maktaba ndogo ya kutunzia alama za mtihani. Toleo la kwanza liko hivi:

class Daftari:
    def __init__(self):
        self._namba = []
        self._alama = []
    def ongeza(self, namba, alama):
        self._namba.append(namba)
        self._alama.append(alama)
    def wastani(self):
        return sum(self._alama) / len(self._alama)

Mwongozo wake unaahidi mambo mawili tu. Fanksheni ongeza hupokea namba ya mtahiniwa na alama yake. Fanksheni wastani hutoa wastani wa alama zote. Ndani mna orodha mbili, moja ya namba za watahiniwa na nyingine ya alama zao.

Mwanafunzi anaitumia maktaba hii, naye anataka kujua pia alama ya juu kabisa. Mwongozo hautaji huduma hiyo. Anafungua faili la maktaba, anaiona orodha ya _alama, na kuichukua moja kwa moja:

d = Daftari()
d.ongeza(12, 64)
d.ongeza(27, 81)
d.ongeza(35, 58)
print(d.wastani())
print(max(d._alama))

Kompyuta inaandika wastani wa 67.67 (kwa kukadiria) na alama ya juu 81. Majibu yote mawili ni sahihi, na mwanafunzi anafurahi.

Baada ya muda mwalimu anagundua dosari. Mtu anaposahihisha alama ya mtahiniwa kwa kuiingiza tena, alama ya zamani haifutiki, na mtahiniwa mmoja anahesabiwa mara mbili. Anatoa toleo la pili, ambamo alama zinatunzwa katika kamusi badala ya orodha. Kamusi katika Python ni mpangilio ambao kila ufunguo una thamani yake moja. Hapa ufunguo ni namba ya mtahiniwa na thamani ni alama:

class Daftari:
    def __init__(self):
        self._alama = {}
    def ongeza(self, namba, alama):
        self._alama[namba] = alama
    def wastani(self):
        return sum(self._alama.values()) / len(self._alama)

Mwalimu hakuvunja ahadi hata moja. Fanksheni ongeza bado inapokea vitu vilevile, na wastani bado ni 67.67. Aliyetumia huduma zilizotangazwa hatatambua kwamba kuna kilichobadilika, ila kwamba dosari ya zamani imeondoka.

Je, programu ya mwanafunzi wetu itafanya nini? Mtu angetegemea isimame na kutoa ujumbe wa kosa. Haisimami. Fanksheni max inapopewa kamusi hutazama funguo, si thamani. Funguo ni 12, 27 na 35. Kwa hiyo kompyuta inaandika kwamba alama ya juu ni 35.

Hapa ndipo penye hatari. Namba 35 ni namba ya mtahiniwa, lakini inafanana kabisa na alama ya mtihani. Haina dalili ya kosa. Ikichapishwa katika ripoti ya shule, mtu mwenye haraka ataipitisha. Msomaji makini tu ndiye atakayeuliza: inawezekanaje alama ya juu kabisa iwe ndogo kuliko wastani? Programu inayosimama kwa kosa huleta usumbufu, lakini humwambia mwenyewe kwamba kuna tatizo. Programu inayoendelea na kutoa jibu la uongo ni mbaya zaidi, kwa sababu watu huliamini jibu lake na kulitumia.

4. Yaliyotokea duniani

Mambo haya si ya darasani tu. Yafuatayo ni matukio matatu yanayojulikana na watungaji wa programu katika nchi nyingi.

(i) Sauti iliyoharibika, 2010. Mifumo ya Linux hutumia maktaba iitwayo glibc, ambayo ina fanksheni mbili za kunakili data kutoka mahali pamoja pa kumbukumbu hadi pengine: memcpy na memmove. Mkataba wa memcpy unasema kwamba sehemu inayonakiliwa na sehemu inayopokea zisipandiane. Zikipandiana, hakuna ahadi yoyote kuhusu jibu, na mtungaji anatakiwa atumie memmove.

Kwa miaka mingi memcpy ilinakili kuanzia mwanzo kwenda mwisho, na walioitumia kinyume cha mkataba mara nyingi hawakudhurika. Kisha ikatungwa upya ili iende kasi zaidi katika aina fulani za kompyuta, na katika hali nyingine ikawa inanakili kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Mwishoni mwa mwaka 2010 watumiaji wa Fedora 14 walianza kusikia sauti iliyokwaruzwa kutoka kwa programu ya Flash Player. Ilibainika kwamba programu hiyo ilikuwa ikitumia memcpy kwa sehemu zinazopandiana.

Jambo hili linaweza kuonyeshwa darasani kwa visanduku sita vilivyopangwa mstari mmoja. Weka herufi K, L, M, N katika visanduku vya 3, 4, 5 na 6. Sasa nakili kila herufi hadi kisanduku cha kushoto kwake. Ukianza na kisanduku cha 3, kisha cha 4, cha 5 na cha 6, utapata K, L, M, N katika visanduku vya 2 hadi 5, kama ulivyotaka. Lakini ukianza na kisanduku cha 6, herufi N itaifuta M kabla M haijanakiliwa. Halafu N hiyohiyo itahamia cha 4, cha 3 na cha 2. Matokeo ni N, N, N, N. Kwa kurahisisha, hicho ndicho kilichoipata sauti ile.

Mwaka 2011 watunzaji wa glibc waliweka utaratibu wa kuziwezesha programu za zamani ziendelee kupata namna ya zamani ya kunakili. Hata hivyo, tunaona kwamba kutegemea mambo ya ndani si kuchukua jina lililofichwa tu. Mtu anaweza kuita fanksheni iliyotangazwa na bado akategemea tabia yake ambayo haikuahidiwa. Mhandisi Hyrum Wright, alipokuwa katika kampuni ya Google, alilieleza jambo hili kama kanuni: watumiaji wakiwa wengi vya kutosha, kila tabia inayoonekana ya maktaba itakuwa na mtu anayeitegemea, iwe imeahidiwa au haikuahidiwa.

(ii) Toleo la kumi la pip, 2018. Programu iitwayo pip ndiyo inayotumiwa na watu wengi kuleta maktaba za Python katika kompyuta zao. Yenyewe imetungwa kwa Python, hivyo ilikuwa rahisi kwa wengine kuingia ndani yake na kuchukua fanksheni zake, ingawa watunzaji wake waliahidi matumizi ya aina moja tu, yaani kuiamuru kama programu kamili. Wengi walichukua fanksheni iitwayo main. Wengine walichukua ile ya kusomea orodha ya maktaba zinazohitajika.

Oktoba 2017 watunzaji wa pip walitangaza kwamba mambo yote ya ndani yatahamishwa. Tarehe 14 Aprili 2018 toleo la 10 lilitoka, na mambo hayo yakawa chini ya jina pip._internal, ambalo hakuna anayeweza kulisoma asijue maana yake. Programu zilizokuwa zimechukua yaliyo ndani zilisimama mara moja. Katika kompyuta nyingi za Ubuntu hata amri ya kuianzisha pip yenyewe ilikataa kufanya kazi, kwa sababu faili dogo la kuianzishia, lililotolewa pamoja na mfumo kwa ajili ya toleo la zamani, lilikuwa likiitafuta main mahali pake pa zamani. Waliotumia njia iliyoahidiwa, yaani amri python -m pip install, hawakupata taabu hiyo.

(iii) Lugha ya Java. Ndani ya maktaba za Java kulikuwa na sun.misc.BASE64Encoder, iliyogeuza data za aina yoyote kuwa maandishi ya kawaida, kila baiti tatu zikawa herufi nne. Watunzaji walikwisha kuonya tangu miaka ya 1990 kwamba majina yanayoanza na neno sun si ya watu wa nje. Lakini kwa muda mrefu maktaba ya kawaida ya Java haikuwa na huduma nyingine ya wazi inayofaa kwa kazi hiyo, na watu wakaendelea kuingia ndani. Machi 2014, katika Java 8, ulifunguliwa mlango rasmi uitwao java.util.Base64. Septemba 2017, katika Java 9, ile ya ndani ikaondolewa. Kufikia Java 17 ya Septemba 2021, sehemu kubwa ya mambo ya ndani ya Java ilikuwa imefungwa kwa kufuli halisi, si kwa onyo tu. Utaratibu huu unafaa kuigwa: kwanza mlango ulifunguliwa, watu wakapewa zaidi ya miaka mitatu ya kuhama, ndipo ukuta ukazibwa.

5. Gharama yake

Haifai kudhani kwamba wanaoingia ndani ya maktaba ni wajinga au wavivu. Mara nyingi wana haja ya kweli, muda wao ni mfupi, na mwongozo haukuwapa walichotaka. Njia ya ndani hufanya kazi siku ileile. Deni lake ndilo linalolipwa baadaye, na aghalabu hulipwa na mtu mwingine: mwalimu aliyerithi programu ya shule baada ya mtungaji kuhitimu, au karani wa zahanati asiyejua kwamba ndani ya programu yake kuna waya uliounganishwa kinyume cha utaratibu.

Deni hilo ni kubwa zaidi linapohusu usalama. Mtu ambaye programu yake imeshikamana na mambo ya ndani ya toleo la zamani huogopa kuweka toleo jipya, maana anajua kwamba programu itavunjika. Hivyo hubaki na toleo la zamani mwaka baada ya mwaka. Lakini matoleo mapya huja pia na marekebisho ya dosari za hatari. Desemba 2021 ilitangazwa dosari katika Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio ya programu. Dosari hiyo iliweza kumpa mtu wa mbali uwezo wa kuendesha amri zake katika kompyuta ya mwingine, na wenye mitambo kote duniani walihimizwa kuweka toleo jipya bila kuchelewa. Siku kama hiyo, aliyetumia maktaba yake kwa njia zilizoahidiwa hubadili toleo, hujaribu na kuendelea. Aliyejifunga na mambo ya ndani hulazimika kuchagua kati ya programu iliyovunjika na mlango ulio wazi kwa wezi.

Mwenye maktaba naye hupata hasara. Akijua kwamba maelfu ya watu wameshika waya zake za ndani, ataogopa kuurekebisha ukuta, na maktaba yenyewe itadumaa.

6. La kufanya

Mtungaji anayekuta kwamba maktaba haimpi anachotaka afuate hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, asome mwongozo wote, wa toleo analotumia na wa toleo jipya. Mara nyingi mlango upo ila hakuuona. Waliotumia memcpy vibaya walikuwa na memmove karibu yao.

Pili, ajaribu kuifanya kazi hiyo mwenyewe kwa kutumia yaliyoahidiwa. Mwanafunzi wetu angeweza kutunza orodha yake ya alama kando ya daftari, na kutafuta alama ya juu humo.

Tatu, aitumie programu kutoka nje ikiwa inaruhusu kuamriwa kutoka nje, kama ilivyo kwa pip.

Nne, amwandikie mwenye maktaba. Aeleze haja yake, si ufumbuzi wake tu. Mstari mmoja wa mwalimu, fanksheni ya_juu, ungemaliza tatizo la darasa zima.

Tano, ikiwa leseni inaruhusu, anakili kipande anachokihitaji na kukiweka katika programu yake. Hapo kitakuwa mali yake, naye ndiye atakayebeba wajibu wa kukirekebisha.

Sita, ikiwa hakuna njia nyingine kabisa, aweke mguso wa ndani mahali pamoja tu, na ajaribio lake liwe karibu:

def alama_ya_juu(d):
    # Hutumia _alama, jina la ndani la toleo la 1.
    # Iondolewe maktaba itakapotoa huduma hii.
    return max(d._alama)

d = Daftari()
d.ongeza(12, 64)
d.ongeza(27, 81)
assert alama_ya_juu(d) == 81

Neno assert huisimamisha programu ikiwa sharti lililoandikwa si kweli. Toleo la pili litakapowekwa, fanksheni hii itatoa 27, jaribio litashindwa, na mtungaji atajua siku hiyohiyo, tena atakuwa na mahali pamoja tu pa kurekebisha. Pamoja na hayo aandike ni toleo lipi analolitumia. Lakini kulishikilia toleo moja ni nafasi ya kupumua tu, si makao ya kudumu, kwa sababu ya usalama uliokwisha kuelezwa.

Anayetunga maktaba naye ana wajibu wake: atenganishe wazi ya nje na ya ndani, aandike mwongozo anaouelewa mgeni, atangaze mapema kabla ya kubadili, na afungue mlango pale anapoona watu wengi wanatoboa ukuta mahali pamoja. Matundu mengi mahali pamoja ni dalili kwamba hapo palistahili mlango.

7. Maswali ya mazoezi

1. Taja mambo mawili yaliyoahidiwa na maktaba ya Daftari, na mambo mawili ambayo hayakuahidiwa.

2. Katika toleo la pili, mwanafunzi anaandika sum(d._alama) akitaka jumla ya alama. Atapata jibu gani kwa watahiniwa watatu wa mfano wetu? Je, kompyuta itatoa onyo?

3. Tuseme ufunguo wa kamusi ungekuwa jina la mtahiniwa badala ya namba. Amri max(d._alama) ingeandika nini kwa majina Asha, Juma na Neema? Kosa hili lingekuwa rahisi au gumu kugundua kuliko lile la namba 35? Toa sababu.

4. Ongeza katika toleo la pili fanksheni ya_juu inayotoa alama ya juu kabisa. Andika pia sentensi mbili za mwongozo wake, usitaje neno kamusi wala orodha. Kwa nini yasitajwe?

5. Rudia zoezi la visanduku sita, lakini safari hii nakili kila herufi hadi kisanduku cha kulia kwake, ukiwa umeweka K, L, M, N katika visanduku vya 1 hadi 4. Ni mwelekeo upi ulio salama sasa? Eleza kwa nini hakuna mwelekeo mmoja ulio salama nyakati zote.

6. Kwa mjadala wa darasa: mwenye maktaba anajua kwamba watu wengi wanatumia jina lake la ndani, naye amegundua kwamba jina hilo lina dosari ya usalama. Je, alibadili mara moja, au awape watu muda wa kuhama? Kila upande utoe hoja zake, na mwalimu aziandike ubaoni.